Mama Yupi Anapika?

Mwaka ule msitu wa kijiji chetu, nje kidogo ya Kibiti, ulipofungwa vihisio vya moto, mimi nilikuwa katibu wa kamati ya misitu. Kabla ya hapo kazi yangu kubwa ilikuwa kufungua mkutano na kuufunga. Kijana mtaalamu akaja kutoka Dar na visanduku vya plastiki, kila kimoja kina kipande cha sola juu na kitaa chekundu kinachokonyeza. Akavifunga mitini. Akatueleza kwamba kisanduku kikinusa moshi kitapeleka habari hewani, bila waya, mpaka kwenye mnara mdogo wa ofisi ya kijiji, na simu yangu italia. Basi sisi tukaviita pua.

"Na pua ikishikwa na mafua?" akauliza mzee mmoja wa kikosi chetu cha kuzima moto.

Kijana akasema haishikwi na mafua. Akaaga, akapanda basi.

Kukawa kimya, hata nikasahau. Kisha adhuhuri moja simu ikapiga kelele mfukoni kama gari la wagonjwa, maana mlio huo aliuchagua yeye kijana. Ujumbe ukasema: "Kihisio namba saba. Moshi." Nikaita kikosi. Tukapanda kilima mbio, na majembe, na madumu ya maji, na matawi mabichi ya kupigia moto. Tulipofika juu, msitu umetulia, ndege wanaimba zao. Mzee yule akanitazama, akapenga kamasi kwa makusudi.

Jioni simu ikalia tena. Namba saba. Asubuhi yake, namba saba. Nikampigia kijana.

"Kifaa hakidanganyi, mzee wangu," akasema. "Utafuteni huo moto."

Tukautafuta mpaka magoti yakagoma. Mwisho tukaenda kwenye mti wenyewe, tukakuta kipande cha waya kinaning'inia na makucha ya nyani kwenye gome. Pua haipo.

"Moto huu," mzee akasema, "unakula asubuhi, mchana na jioni. Huu si moto, huu ni mtu."

Tukacheka, tukateremka.

Kesho yake mke wangu akanituma nimpelekee mama yake sukari na majani ya chai. Mama mkwe alikuwa amehamia shambani kwake, chini ya msitu, kulinda muhogo usiliwe na nguruwe. Alikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho kwetu Rufiji kila mwenye shamba anakijua. Sasa, kwa mama mkwe mtu haendi kichwa kichwa. Nilisimama mbali, nikakohoa, nikapiga hodi, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Kwa kuwa macho yalikuwa chini, nilichokiona ni mafiga, na juu yake perege wa Mohoro wanabanikwa, moshi unapanda. Papo hapo mfuko wangu ukaanza kulia kama gari la wagonjwa.

"Simu yako hiyo," akasema. "Pokea, isije ikawa msiba."

Nikainua macho. Kwenye nguzo ya dungu, juu kidogo ya samaki, pua namba saba ilikuwa inanikonyeza.

Mama mkwe akaona ninapotazama, akafurahi. "Umeiona? Niliiokota nilipokwenda kuni, nyani wanaigombania. Usiku kucha inawaka, inazima. Tangu niitundike nguruwe hawasogei. Serikali siku hizi inatufikiria."

Nilikuwa na maneno ya katibu, lakini kinywa kilikuwa cha mkwe. "Inatufikiria kweli, mama," nikasema, nikaweka sukari chini, nikaondoka.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Rudi ukamwambie."

"Mimi? Mama yako?"

Akaenda mwenyewe. Alirudi na kikapu cha muhogo, pua hakuna. "Amesema mwenye kitu chake aje aombe."

Mwenye kitu yuko Dar, ana shughuli. Basi ikawa simu ikilia tunatazama jua. "Mama anachemsha chai," tunaambizana. Mzee wa mafua akajitapa kwamba kwa urefu wa mlio anajua kama ni dagaa au kambale.

Ijumaa moja mama mkwe akaja kwetu kijijini kula pilau. Yeye na mke wangu walikuwa ndani, mimi barazani na sahani yangu. Simu ikalia. Nikaizima kwa kiwiko.

"Nini hiyo?" mke wangu akauliza.

"Namba saba," nikasema, mdomo umejaa. "Mama anapika."

Kutoka ndani ikaja sauti ya mama mkwe: "Mama yupi?"

Nilikimbia na viatu mkononi, nikiita kikosi. Jirani wa shambani kwake alichoma majani ili alime, upepo ukamnyang'anya moto, na sasa ulikuwa kwenye nyasi, unaelekea msituni. Tukaushambulia kwa matawi. Sikuona kitu kwa moshi, lakini nilisikia bodaboda ikisimama nyuma yangu.

"Wee mkwe! Piga chini! Unampiga nani huko hewani?"

Alikuwa amejifunga khanga kiunoni, tawi mkononi. Nikapiga chini. Aliniamuru kushoto, akaniamuru kulia, jirani aliyechoma akaamriwa mambo ambayo siwezi kuyaandika. Moto ulizimika kabla haujafika msituni. Sote tulikuwa weusi kwa masizi, naye alinitazama usoni, akacheka, nami nikacheka.

Kijana alipofika kutoka Dar, alimwamkia mama mkwe vizuri, akapandishwa dunguni, akalishwa muhogo wa kuchoma. Aliposhuka alisema namba saba ibaki hapo hapo, kwa sababu moto mwingi huanzia mashambani. Kwenye ule mti wa kwanza akafunga nyingine, akaizungushia seng'enge kwa ajili ya nyani. Alimwomba mama mkwe apike upande wa pili wa dungu. Akajibiwa akazungumze na upepo.

Siku hizi mama mkwe ananipigia mwenyewe kabla ya kuwasha kuni. "Mkwe, naweka samaki. Msikimbie." Kisha anaulizia wajukuu, na mara nyingi anakumbuka kwamba chumvi imekwisha.