Siku Waliyonikata Ebitinge

Wajukuu wangu wakiona makovu kwenye vifundo vya miguu yangu huniuliza kama nilimwagikiwa na chai ya moto. Huwajibu kwamba niliumwa na serikali. Hucheka, nami huwaacha wacheke, ingawa sisemi mzaha.

Nilipoolewa, mume wangu alitimiza desturi yote mpaka siku ya kuvishwa ebitinge. Hizo ni pete nzito za chuma ambazo mke wa Mgusii aliyeolewa kikamilifu alivaa miguuni. Ulilima nazo, ukazaa nazo, ukalala nazo. Hazikuvuliwa ila kwa mambo mawili: mume amekufa, au mke amemkataa mume na kurudi kwao. Na siku zilipovuliwa kwa ajili ya kifo, mjane alipiga yowe, na waliolisikia ng'ambo ya bonde walijua kwamba fulani hayupo tena.

Wakati wangu zilikuwa zimeanza kuwa mambo ya kale. Wenzangu wa kanisani walikuwa wamezivua, na mchungaji aliniambia hawezi kunibatiza na vyuma vya kipagani miguuni. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo.

“Mwambie akubatize kuanzia magotini kwenda juu,” alisema.

Ndivyo alivyokuwa. Mkulima wa pareto, mfupi, mwenye sauti iliyomzidi mwili, na mdomo usiojua chifu ni nani.

Mwaka wa 1961 redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba Hali ya Hatari imeondolewa. Kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inafika. Chifu alitaka tuchimbe barabara ya kwenda kambini kwake bila malipo, na wanaume wa kwanza waliokataa wakatiwa ndani. Mume wangu akazunguka nyumba kwa nyumba akisema mtu asiguse jembe mpaka wale waliofungwa waachiliwe. Watu wakamsikiliza. Chifu akapeleka habari kwa Wazungu wake, na wiki hiyo wanajeshi, wale tuliowaita Majoni, wakapiga mahema katika uwanja wa shule.

Walimjia asubuhi tukichuma pareto. Hawakuuliza jina. Mmoja alimpiga kwa kitako cha bunduki, naye akainua mkono wa kushoto kujikinga. Niliusikia ule mkono ukivunjika kama bua kavu la mahindi. Alipoanguka walimpiga mateke ya mbavu, kwa zamu, mpaka maua meupe ya pareto chini yake yakabadilika rangi. Mimi niliruka juu ya mgongo wa askari mmoja nikamng'ata sikio. Niling'ata kwelikweli, na hata leo sijutii hata kidogo. Nilipopata fahamu lori lilikuwa limeondoka naye, na nyumba yangu inawaka, pamoja na ghala la wimbi.

Nilihamia kwa mama mkwe wangu. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, na mpaka siku ile tulikuwa tukivumiliana tu. Jioni hiyo aliniosha damu usoni, akaniambia, “Mokamwana, mimi nawe sasa tuna mtu mmoja.” Mokamwana ni mke wa mwana. Ndivyo alivyoniita tangu hapo, kama vile ndilo jina nililobatizwa.

Wanaume hawakwenda barabarani. Walichapwa viboko hadharani, ng'ombe wao wakachukuliwa, kijana mmoja wa jirani akapigwa mpaka akawa hasikii sikio moja, na bado hawakwenda. Walikuwa wanamngoja mume wangu. Walisema, akirudi na aseme tuchimbe, tutachimba.

Ndipo chifu akaitisha baraza. Alisimama kando ya ofisa Mzungu, akavua kofia, akasema kwa masikitiko mengi kwamba mume wangu amekufa kwa homa katika jela ya huko kaskazini jangwani. Sasa kiongozi hayupo, kwa hiyo kesho tuonane barabarani.

Mama mkwe akainuka. “Maiti iko wapi?”

“Serikali imeshamzika.”

“Serikali ni ya ukoo gani hata imzike mwanangu?”

Watu waliguna. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, na ambaye hakuzikwa nyumbani kifo chake ni uvumi tu. Mzee mmoja akanyoosha bakora kuelekea miguuni pangu na kusema kwa sauti, “Mkewe bado amevaa. Huyo mtu yu hai.” Baraza likavunjika, na kesho yake barabarani hapakuwa na hata kunguru.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yule Mzungu peke yake angedhani pete zangu ni mapambo. Lakini chifu alizaliwa kilima cha pili kutoka kwetu, na mama yake mwenyewe alizivaa. Alijua kilichomshinda.

Wakanikamata siku ya soko pale Keroka, mchana, soko limejaa. Nilikuwa na mama mkwe tukiuza ndizi. Askari wawili walinibeba mabega, wawili miguu, wakaniweka juu ya meza ya mwuza nyama. Chifu akapanda juu ya kreti la soda na kuwatangazia watu kwamba mjane huyu amekubali kufuata mila, na leo anavua ebitinge vya marehemu.

Pete hizi hufunguliwa. Kuna wazee wanaojua kazi hiyo. Huupanua mwanya wa chuma polepole kwa mkono na kipande cha mti, mguu usipate hata mkwaruzo. Hakuna mzee aliyekubali kuja. Kwa hiyo askari akaja na msumeno wa kukatia chuma.

Nilijua wanachotaka. Chuma peke yake hakikuwatosha. Walitaka nipige yowe. Watu wote wale, waliotoka vilima vyote, wangesikia sauti ya mke ikilia vyuma vinapotoka, na hakuna ambaye angesimama kuuliza kama ninalilia mume au ninalilia mguu. Yowe langu lingekuwa tangazo la msiba. Kufika jioni wangekuwa wamenyoa nywele, na keshoye wangeshika majembe.

Mama mkwe alijipenyeza mpaka mezani. Askari alimpiga rungu la bega, lakini alikuwa ameshanifikia sikioni. “Usilie, mokamwana. Ukilia, umemzika.”

Akanisukumia kitambaa chake cha kichwa mdomoni, nikakiuma.

Msumeno haukwenda sawa. Chuma kilikuwa cha zamani na kigumu, na yule askari hakuijua kazi hiyo, kwa hiyo kila mara msumeno uliteleza ukaingia kwenye nyama. Mguu wa kulia uliguswa mfupa. Nilikojoa, nalisema bila haya. Nilimkazia chifu macho, nikamtazama hadi akashuka kwenye kreti na kujifanya anaongea na dereva. Nilimchukia kwa chuki safi, na ile chuki ndiyo iliyonishika kama mtu anavyoshikwa mkono kuvuka mto.

Pete za mwisho zikaanguka. Nikasikia nzi wa nyama. Nilitoa kitambaa mdomoni, nikakaa, nikasema, “Nani ananunua ndizi?”

Hapo wanawake walianza kurusha. Nyanya, viazi, mawe, hata nyungu. Majoni wakapiga risasi hewani, kisha wakaja na virungu, na damu iliyomwagika Keroka siku ile haikuwa yangu peke yangu. Lakini barabara haikuchimbwa.

Wiki iliyofuata mchungaji alikuja kuniona nikiwa nimelala, miguu imevimba usaha. Alisema Mungu ana njia zake, na sasa hapana kizuizi cha ubatizo.

“Mchungaji,” nilimwambia, “nenda kaubatize msumeno.”

Mume wangu alirudi mwaka wa Uhuru. Alitoka barabara kuu kwa miguu, na mwanzoni nilidhani ni mzee anayeomba maji. Mkono wa kushoto ulikuwa umepona vibaya, meno ya mbele hayapo. Alisimama langoni. Hakunitazama usoni. Alitazama miguu yangu, akapiga magoti pale pale kwenye matope, akashika makovu kwa mkono wake mzima.

“Waliniletea,” alisema.

Nikajua hapo zile pete zilikokwenda. Walizimwaga mezani mbele yake wakamwambia, mkeo amekukataa, amerudi kwao, ameshaolewa na mwingine. Sasa unamfia nani huku? Taja wenzako uende zako. Huko jangwani chifu hakuwapo kuwaelekeza, na ofisa wa jela hakuwa na habari kwamba mke anayemkataa mume hufunguliwa pete, hakatwi. Mume wangu aliziokota moja moja. Akaona alama za meno ya msumeno, akaona damu iliyokauka ndani.

“Mtoto yeyote wa kwetu angejua,” alisema. “Nilijua umekataa kuzivua. Nikacheka, mke wangu. Nilicheka mpaka wakanitoa haya meno.”

Tuliishi naye miaka mingine kumi na kitu. Alitaka nivishwe upya, lakini mama mkwe alisema mke havishwi mara mbili na mume mmoja. Mapafu ya mume wangu yaliharibikia jela, hayakupona. Alikohoa kila masika, na masika moja ya miaka ya sabini hakuamka.

Wanawake walinikalisha chini nje ya nyumba, karibu na kaburi, nikanyoosha miguu mbele kama mjane anavyopaswa. Mama mkwe aliletwa akishikwa mkono. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na nadhani kwa uzee alikuwa amesahau, maana alipiga magoti na kuanza kupapasa vifundo vyangu akitafuta cha kufungua. Vidole vikaenda, vikarudi, vikakuta kovu. Vikatulia hapo.

Akasogea mpaka mdomo wake ukafika sikioni pangu, kama siku ile ya meza ya mwuza nyama.

“Sasa, mokamwana,” alisema. “Sasa lia.”

Nikafungua kinywa. Wanasema Keroka walisikia.