Kiti cha Mama, Safu ya Mbele

Mpaka leo nikiona viti vya plastiki vimepangwa kwa mistari, hata kama ni vya harusi, macho yangu hukimbilia safu ya mwisho. Ni tabia niliyofundishwa sekondari, na nadhani ndiyo kitu pekee nilichofundishwa pale ambacho sijakisahau. Logarithimu zilikwenda zao zamani, na aina za miamba zikazifuata.

Shule ilikuwa upande wa Migori, ya wasichana, ya bweni, yenye sifa. Sifa zenyewe ziliandikwa kwenye ubao pale langoni, zikaandikwa tena ubavuni mwa basi, na mwalimu mkuu alizirudia kila Jumatatu kwenye gwaride kana kwamba wikendi tulikuwa tumezisahau. Nilifika hapo nikitoka kisiwa cha Takawiri, ambako nilikuwa wa kwanza darasani tangu nilipojua kushika penseli. Tulikuwa darasa la watoto wachache sana, lakini hakuna aliyeona haja ya kunikumbusha hilo. Mchungaji aliniombea kanisani Sabato mbili mfululizo, na wanawake wa ufuoni waliacha kuanika omena, dagaa wa ziwani, wakaja kuniaga.

Kumbe kila msichana mle ndani alikuwa wa kwanza mahali fulani. Walituokota wa kwanza kutoka kila pembe, wakatupanga upya, kisha wakashangaa kwamba lazima mmoja wetu awe wa mwisho. Mtihani wangu wa kwanza nilikuwa wa arobaini na nne katika darasa la wasichana hamsini na mmoja.

Hilo ningelimeza. Kilichonikwama kooni ni viti.

Kila muhula wazazi waliitwa kuja kujadili matokeo. Siku hiyo iliitwa kliniki ya masomo, ingawa sikuwahi kuona mtu aliyeondoka pale na nafuu. Hema lilisimamishwa uwanjani, viti vikapangwa, na kila kiti kikabandikwa karatasi yenye namba. Namba hiyo ilikuwa nafasi ya mtoto darasani. Mzazi wa msichana wa kwanza alikaa mbele kabisa, karibu na meza yenye chupa za maji na maua ya plastiki. Mzazi wa msichana wa mwisho alikaa kule ambako hema liliishia na jua likaanza. Sisi wanafunzi tulisimamishwa pembeni tuwatazame wazazi wetu wakitafuta namba zao. Walimu walisema mpango huo unawapa wazazi changamoto. Sijui ni nani aliyeubuni, lakini ningependa kumwuliza kama nyumbani kwake wageni hukaribishwa mezani kwa kufuata alama.

Safu ya mbele ilikuwa na wenyewe. Mmoja alikuwa baba mwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Oyugis, mtu wa suti nzito na tumbo lililomtangulia. Alipofika alivuta kiti chake mbele kidogo zaidi ya wenzake, kana kwamba hata kati ya walio mbele kuna walio mbele zaidi. Binti yake aliniambia kwamba muhula akiteleza na kutoka safu ile, baba huwa na safari, na kliniki huhudhuriwa na msichana wa kazi.

Mama yangu alitoka kisiwani siku moja kabla ya kliniki yangu ya kwanza, akavuka kwa boti hadi Mbita, akalala kwa shangazi yangu Homa Bay, na asubuhi akaendelea hadi Migori. Aliingia uwanjani na gauni lake la kanisani, mkoba mkononi, na ndani ya mkoba obambla, samaki aliyepasuliwa na kukaushwa, ambaye harufu yake ilimtangulia. Msichana wa kuongoza wageni alimwuliza namba, akamwonyesha njia. "Nyuma, mama," alisema. Mama akasogea. "Nyuma zaidi." Akasogea tena, akitabasamu kwa adabu. "Zaidi, mama, hadi mwisho."

Alikaa juani, akajitanda leso kichwani. Wazazi wengi wa safu ile hawakuwa wamekuja kabisa, na jirani yake pekee alikuwa mama mmoja kutoka Magunga, mzazi wa msichana aliyekuwa wa mwisho. Nilimtazama mama yangu pale nyuma, mwanamke ambaye kisiwani hapitwi na mtu bila salamu, nikaona aibu. Niliapa kwamba atatoka pale, hata kama itakuwaje.

Aliyenifundisha beseni ni kiranja wa darasa letu. Huyu alikuwa wa kwanza kila mtihani, msichana mrefu, mkimya, mwenye macho mekundu ambayo sote tulidhani ni alama ya akili. Unajaza beseni maji baridi ya tangi, unalisukuma chini ya dawati, unavua viatu na soksi, unatumbukiza miguu. Usingizi ukija unakuta baridi imekaa mlangoni. Nusu ya darasa walikuwa na mabeseni. Wakati wa prep, masomo yetu ya usiku, chumba kilinuka kama mahali pa kufulia, na mwalimu wa zamu alipita kati ya madawati akiyaruka mabeseni yetu kama mtu anayevuka vijito, akitusifu kwa bidii. Siku moja aliwauliza wale wasiokuwa nayo kama wazazi wao hawajui thamani ya elimu. Hata sasa, ninapoishi Homa Bay mjini, nikisikia mzazi akijigamba sokoni kwamba bintiye halali, anasoma tu, hunijia hamu ya kumwambia amvue mtoto soksi.

Nilipanda. Mtihani baada ya mtihani nilipanda, na kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyopungua. Nywele zilinitoka, zikabaki kwenye kitana. Hedhi ilisita miezi kadhaa, nami nikashukuru kwa kuwa iliniokolea muda. Siku moja nilisimama darasani nikitaka kuomba dirisha lifungwe, nikashindwa kulikumbuka neno dirisha. Na kulikuwa na ngazi za kupandia maktaba. Nilianza kufikiri kwamba nikianguka pale na kuvunjika mguu, watanipeleka nyumbani na hakuna atakayesema nimeshindwa. Nilikuwa nikizitazama ngazi hizo kwa hamu, kama mtu anayetazama chakula.

Nilikwenda kwa mwalimu wa ushauri. Shule ilikuwa na chumba cha ushauri, kimeandikwa mlangoni kwa rangi nzuri, ila ndani ndiko ilikokaa mashine ya fotokopi. Nilimweleza mwalimu habari za ngazi huku mashine ikitapika mitihani ya wiki iliyofuata, na ilibidi nirudie mara mbili kwa sababu ya kelele. Alisikiliza, kwa kweli alisikiliza. Akaniambia nipunguze mawazo, nisali, nisilinganishe maisha yangu na ya wengine. Kisha akachukua rundo la karatasi za marudio, bado za moto kutoka kwenye mashine, akanipa kama zawadi kwa kuwa nilionyesha nia. Nilitoka nimezikumbatia. Zilinipasha joto kifuani, na hiyo ndiyo faraja yote niliyopata katika chumba kile.

Muhula wa pili wa kidato cha tatu nikawa wa tano. Safu ya mbele ilikuwa na viti sita.

Siku ya kliniki niliamka na homa lakini sikumwambia mtu. Nilisimama pembeni na wenzangu nikamwona mama anaingia na gauni lilelile, mkoba uleule. Msichana wa kuongoza wageni akatazama namba, akamtazama mama kwa heshima mpya, akampeleka mbele. Mama akakaa. Kulia kwake kulikuwa na daktari, kushoto mke wa mkurugenzi wa kitu fulani. Akapewa chupa ya maji. Nilijiambia, sasa basi, sasa wamemwona.

Mama aligeuka akamsalimu daktari. Daktari alikuwa kwenye simu. Akamgeukia yule wa kushoto, ambaye alijibu salamu na kusogeza mkoba wake mbali kidogo na harufu ya obambla. Mama akanywa maji, akaangaza huku na huku, akapindua shingo kutazama nyuma. Halafu akasimama, akachukua mkoba na chupa yake, akaanza kutembea kati ya viti, akapita safu zote mpaka ya mwisho, akaketi kwenye kiti kitupu karibu na mama wa Magunga. Wakashikana mikono na kuitikisa kwa muda mrefu, wakicheka.

Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kipaza sauti. "Mzazi," aliita, "kiti chako ni huku mbele."

"Nimekiona, Madam," mama akajibu kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita boti. "Hakina shida. Lakini osiepna yuko huku."

Walioijua lugha ya kwetu walicheka. Osiepna maana yake ni rafiki yangu.

"Mama, hiyo ni heshima mtoto wako amekutafutia."

"Asante sana, Madam. Basi mpatie mtu mwenye anaitaka."

Yule baba wa Oyugis, ambaye siku hiyo binti yake alikuwa ameshuka hadi safu ya pili na nadhani alikuja kwa kutojua, aliinuka nusu. Alikuwa na sura ya mtu aliye tayari kulisaidia taifa. Mwalimu mkuu akamwambia akae, kwa kuwa namba haihamishwi. Kwa hiyo kiti cha tano kilibaki kitupu mbele ya watu wote mpaka mwisho wa mkutano, na huko nyuma akina mama wawili wakala njugu.

Nilimchukia mama yangu siku ile. Nasema wazi. Nilikuwa nimeuza usingizi, nywele na akili yangu kununua kiti, naye amekiacha kama mtu anayeacha gazeti kwenye gari. Tulipoachiliwa kwenda kula na wazazi, nilimpeleka nyuma ya tangi la maji, nikakaa bila kumtazama. Alifungua obambla, akamega ugali, akanisubiri. Miguu ilikuwa inaniwasha, nikavua viatu bila kufikiri.

Mama aliacha kutafuna. Ngozi kati ya vidole ilikuwa nyeupe, imelegea, imepasuka, na visigino vilikuwa na vidonda. Aliuchukua mguu mmoja akauweka pajani pake kama anavyofanya na samaki anayemkagua.

"Nyathina, hii ni nini?" aliniuliza. Nyathina maana yake ni mwanangu, na akiniita hivyo huwa siwezi kumficha kitu.

Nilimweleza habari za beseni. Akauliza beseni ni la nini. La kukaa macho. Macho ya nini? Ya kupanda namba. Namba ya nini? Hapo nikaanza kulia, nikamwambia ni kwa ajili ya kile kiti. Nilitaka akae mbele.

Nilidhani atanibembeleza, lakini mama yangu si mtu wa hivyo.

"Mimi nimekaa juu ya kreti za samaki tangu sijaolewa," alisema. "Nimekaa juu ya mawe. Nimekaa ndani ya boti imejaa maji. Ni lini ulisikia makalio yangu yanalia?"

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikanitoka. Yeye hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa bado ameushika mguu wangu kwa mikono miwili.

"Na ngazi," nikasema. Sikuwa nimepanga kusema. Nikamweleza za ngazi pia.

Alinivalisha viatu bila soksi, akafunga kamba taratibu, akasema, "Nionyeshe hiyo beseni."

Wazazi hawakuruhusiwa bwenini. Matroni alimwambia hivyo mlangoni, na mama akaitikia vizuri sana, akapita. Alilivuta beseni langu la bluu kutoka chini ya kitanda, akamwaga matone yaliyobaki dirishani, akatia mkoba wake ndani yake. Kisha akalibeba kichwani katikati ya uwanja, akapita hema, akampita mwalimu mkuu aliyekuwa akiagana na watu wa mbele. Mama wa Magunga alikuwa anamsubiri njiani, wakaongozana.

Langoni askari alimsimamisha. "Mama, hii beseni si ni ya shule?"

"Ilikuwa ya shule," mama akasema. "Sasa ni ya omena."

Kabla hajatoka alininong'oneza sikioni. Hakuniambia nijitahidi, wala hakutaja mtihani. Alisema usingizi ukija nilale, maana unakuja kwa sababu unaniita, na kwamba atarudi baada ya Sabato kunichukua twende hospitali ya Homa Bay wanitazame mwili na kichwa, shule ipende isipende. Akarudi kweli, lakini hayo ni mambo ya baadaye.

Jioni ile kwenye prep nilifungua kitabu cha jiografia. Sikumaliza ukurasa. Nililala juu yake mdomo wazi, miguu ikiwa mikavu, na nilipoamka nilikuwa nimeulowesha ukurasa mzima wa mito ya Afrika. Aliyeniamsha ni kiranja. Alikuwa ameinama kutazama chini ya dawati langu, miguu yake mitupu ikidondosha maji sakafuni.

"Beseni yako iko wapi?" akauliza.

"Mama ameenda nayo nyumbani."

Alibaki ameinama pale, mwanafunzi wa kwanza wa darasa letu, akiitazama nafasi tupu chini ya dawati. Halafu akaniangalia kwa wivu ambao sijawahi kuonewa tena na mtu yeyote.