Hakukosea

Nilipokuwa ngazini asubuhi ya Jumatatu nilisikia taipureta ikipigwa haraka, kwa mpigo ulio sawa, nikasimama. Mfasiri wetu alipiga kwa vidole viwili, akinyamaza katikati ya sentensi kama mtu anayengoja kujibiwa. Mkono niliousikia haukuwa wake. Juu nilimkuta karani mgeni amekalia kiti chake. Bila kuacha kupiga, akaniarifu kwamba mwenyewe alifariki Jumamosi alfajiri, na akazikwa siku hiyohiyo baada ya sala ya adhuhuri. Wasomaji wangu mnajua kwamba si kawaida yangu kukosa la kusema. Safu hii nimeianza mara nne.

Ofisi yetu, katikati ya mji, hupokea habari za magazeti ya Marekani na kuziuza kwa magazeti ya Kiswahili. Yeye, mzee wa pwani tuliyemwita Maalim, alitafsiri. Mimi, ninayeandika tasnifu ya shahada ya pili, hulinganisha tafsiri na asili na kutia sahihi pembeni. Kabla ya kunikabidhi karatasi, alikuwa na desturi ya kuteremka na kumsomea bawabu, mtu wa magharibi ya nchi, kwani aliamini kwamba habari isiyoeleweka mlangoni bado haijatafsiriwa. Siku moja alimsomea habari mbili. Katika ya kwanza, umati wa Ulaya ya Mashariki uliwatupia askari mawe, ukaitwa mashujaa wa uhuru. Katika ya pili, Wamarekani weusi walikataa kuondoka kwenye viti vya basi walivyokatazwa. Hawakutupa hata kokoto, wakaitwa wachochezi.

"Ngoja, Maalim," bawabu akasema. "Hii ya kwanza watu narusha mawe, iko mashujaa. Hii ingine wanakaa tu, iko wabaya. Wewe umechanganya karatasi?"

"Sikuchanganya. Ndivyo ilivyotoka kwao."

"Basi wenyewe ndiyo wamechanganya. Mimi nikikaa kiti ya bwana huko juu, utaniita nani?"

"Nitakuita mtu aliyechoka kusimama," Maalim akajibu, na wote wawili wakacheka.

Maalim alipanda juu, akaandika "wanaodai haki zao" katika habari zote mbili. Nililinganisha, nikasita nusu saa nzima, nikatia sahihi.

Mkurugenzi wetu ni Mmarekani, na kila Ijumaa hutuhubiria kwamba gazeti huru halimwogopi mtu. Sipingi mahubiri hayo. Kinachonichosha ni kwamba yana mipaka ambayo mhubiri haioni. Watu wakizuiwa kupiga kura katika nchi ya adui, wanasiasa wa Marekani huliita jambo hilo udhalimu na magazeti yao hulia ukurasa wa kwanza. Wakizuiwa kusini mwa nchi yao wenyewe, jambo hilohilo hugeuka kuwa desturi ya mahali, inayohitaji subira. Nasi huku, tunaotembea na kipande cha serikali ya kikoloni mfukoni, tunatarajiwa kuzisoma habari zote mbili na kushukuru.

Tafsiri ile ilipochapishwa, mkurugenzi alitoa gazetini tangazo la kuomba radhi: mfasiri wake hakukielewa Kiingereza vizuri. Kabla ya kulitoa aliniuliza maoni yangu. Nilijibu kwamba maneno yale yaweza kufasiriwa kwa zaidi ya namna moja. Lilikuwa jibu la kitaalamu, halina doa. Mezani pake ilikuwapo pia barua ya kunipendekeza kwa chuo kimoja cha Marekani, ikingoja sahihi yake. Maalim hakunilaumu. "Wewe soma kwanza, binti yangu," alisema, na hapo nikajiruhusu kunyamaza.

Jumatano nilikwenda kumpa mjane wake mkono wa tanzia.

"Mwanangu," akaniambia, "wewe ndiwe uliyekuwa ukiipitia kazi yake. Miaka yote amewasomesha watu Kiingereza hapa barazani. Sasa wananiuliza, kweli alikuwa hakijui?"

Nilimpa sentensi ndefu yenye "hata hivyo" mbili. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sikukufahamu. Alijua au hakujua?"

"Alijua, mama."

"Basi mbona gazeti halijui?"

Tangu hapo nimeshindwa kuikamilisha sura ya tasnifu yangu inayochambua mizani mbili za magazeti ya mbali. Zangu zilikuwa mbili vilevile: ya kupimia koma za tafsiri, iliyokuwa kali, na ya kumpimia mtu haki yake, iliyokuwa legevu. Nimejifunza, kwa kuchelewa, kwamba anayekerwa na upendeleo wa wengine hana budi kuanza na karatasi aliyoitia sahihi yeye mwenyewe.

Leo asubuhi niliingia duka moja pale Dagoretti Corner, nikaomba simu, nikamtaka mkurugenzi.

"Maalim hakukosea," nikamwambia. "Alijua alichoandika, nami nilijua nilichotia sahihi. Naomba gazeti liseme hivyo, na jina langu liwemo."

Akaniuliza kwa upole kama nimeifikiria vizuri barua yangu ya chuo.

"Nimeifikiria kupita kiasi, bwana," nikamjibu. "Ndiyo maana nimekupigia leo tu, ilhali yeye amekwisha kuzikwa."