Mlango Namba Saba, Ghorofa ya Kwenye Gemu

Nilipokuwa mdogo niliambiwa kwamba Wajapani walikuja Dar es Salaam na kamera, wakapiga picha ghorofa moja nzima pamoja na wapangaji wake, wakaitia ndani ya gemu. Niliamini kuliko nilivyoamini jedwali la kuzidisha. Usinicheke bado. Aliyenieleza ni kaka mwenye banda la gemu mtaani kwetu Tabora, na kaka yule aliweza kufungua redio na kuifunga tena bila skrubu hata moja kubaki mezani. Mtu wa namna hiyo unambishia vipi?

Yote yalinirudia mwezi uliopita nilipokwenda kumsalimu dada yangu anayekaa Kitete, hapohapo Tabora. Nilimkuta mwanawe amejilaza mkekani na simu, na ndani ya simu, ndugu yangu, ghorofa ileile. Mchezo ule umetoka na kutoka tena, kila toleo na shujaa mpya mwenye nywele kama kuni zilizopasuliwa na mlevi, lakini jengo hawalibomoi. Ngazi zilezile, korido ileile yenye taa inayopepesa, mbwa yuleyule aliyelala mlangoni tangu mimi niko darasa la nne.

Bandani tulikaa juu ya makreti ya soda, watoto kama mia tatu hivi katika chumba cha kufugia kuku. Palinuka karanga za kukaanga, vumbi na jasho la shule mbili. Treni ya Mwanza ikipiga honi, televisheni nayo ilitetemeka kwa heshima. Wenzangu walitaka porini, kwenye majoka ya kuuawa. Mimi pedi ya kuchezea ikinifikia nilikwenda moja kwa moja ghorofani, maana mle ulikuwa unaweza kuingia chumba chochote, ukafungua makabati ya watu, ukamsogelea mwenye nyumba naye akakutolea sentensi yake moja ya Kiingereza. Tena sikuingia hivihivi. Bibi alitufundisha kwamba asiyepiga hodi ni mwizi ambaye hajakamatwa. Kwa hiyo kila mlango nilipiga hodi tatu kwa mdomo wangu, nikasubiri, ndipo nikabonyeza.

"Huyu anapita nyumba za watu kama mjumbe wa nyumba kumi," walilalamika nyuma yangu. "Mnyang'anye pedi. Tangu asubuhi hajaua hata panya."

Wao hawakujua ninamtafuta nani. Dada yangu alikuwa amepanda treni kwenda Dar kufanya kazi za ndani. Alipiga simu mara moja tu, kwa jirani yetu fundi cherehani, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na simu: "Mwambieni bibi niko salama, nakaa ghorofani, ghorofa ya tatu." Baada ya hapo kimya, masika yote. Bibi, aliyetulea, akaanza kuacha ugali sahanini. Alikuwa akisema, "Mtoto aliyeko mbali humla mtu tumbo," kisha anatoka kwenda kutazama barabara.

Basi fikiria nilivyojisikia Jumatatu ile nilipofika ghorofa ya tatu, mlango namba saba, nikakuta msichana aliyefunga kitambaa kichwani, amesimama jikoni, ametupa mgongo. Ukimwita hageuki. Anasema maneno yake huku anakoroga. Binti mmoja wa sekondari akatutafsiria: "Anasema subiri, kinakaribia kuiva."

Nikakimbia nyumbani hata kandambili zikabaki njiani.

Jumamosi asubuhi bibi akaja bandani na kitenge chake cha kanisani. Majoka yote yalisimamishwa. Akapewa kreti la mbele, akamtazama yule msichana mpaka tukaogopa kupumua.

"Amekonda," akasema.

"Bibi, ni picha," kaka mwenye banda akajaribu.

"Picha ya nani, ya mama yako? Mgongo huo nimeubeba mimi." Akasogea hadi pua ikagusa kioo, akamwamkia kwa salamu ya asubuhi ya kikwetu. "Mwangaluka, mwanangu."

Nikabonyeza. Binti wa sekondari akatafsiri: subiri, kinakaribia kuiva.

"Tangu Jumatatu hakijaiva? Wanampikisha mawe?" Akanigeukia. "Mlango namba ngapi huo?"

"Saba, bibi."

Wiki hiyohiyo fundi cherehani alikuwa anasafiri kwenda Dar kununua vitambaa. Bibi akamfungia dumu la asali na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo dada alikuwa akivila na karanga hadi anashindwa kuinama. Akamwambia: ghorofa ya tatu, mlango namba saba.

"Mtaa gani, mama?" fundi akauliza.

"Ukifika uliza ilipo ghorofa."

Fundi akarudi baada ya siku kadhaa, mikono mitupu. "Nimemkabidhi mkononi," akasema. "Anawasalimu sana." Bibi hakuuliza zaidi. Jioni ile alimaliza ugali wote na kukomba mboga, na kwa miaka mingi, kila alipotajwa Mjapani, aliitikia kwa heshima kama anayetajiwa mkwe.

Sasa banda halipo, pale panauzwa makava ya simu. Bibi tulimzika kiangazi cha mwaka juzi. Michembe siku hizi naiona sokoni imefungwa kwenye plastiki kama dawa ya mbu. Kiingereza nilikuja kukisoma nikiwa na ndevu, masomo ya jioni, na mwezi uliopita nilimwomba mpwa wangu anipandishe ghorofa ya tatu. Msichana yupo, anakoroga. Nikasoma mwenyewe. Binti wa sekondari hakukosea hata neno moja.

Dada alikuwa kibarazani akichagua mchele. Nikamsimulia yote, kreti, mwangaluka, mlango namba saba, huku machozi ya kicheko yananitoka. Nikamuuliza fundi aliwezaje kuupata mlango katika jiji zima lile.

Hakucheka. Akatoa punje ya jiwe, akaitupa uani.

"Hakuna Mjapani aliyekuja kutupiga picha, mdogo wangu. Na ghorofani sikuwahi kukaa, nilikuwa napanda kupika tu. Kulala nililala stoo ya chini, pamoja na pampu ya maji. Fundi nilimpigia tena simu kwa siri, akaniambia anakuja na mzigo, nikamfuata stesheni, ili asipaone ninapolala."