Mtoto wa Tarehe Kumi na Saba

Mwavita wa mtaa wa Rugenge alizaliwa mwaka vita vilipoingia Uvira, na mama yake akaona jina liko tayari. Ndivyo tulivyo watu wa mji huu: jambo likitupata, tunambandika mtoto wa siku hiyo, alibebe yeye maisha yake yote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tarehe kumi na saba Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukachukua nyumba na watu, Mwavita alijifungua binti ndani ya darasa walimokimbilia. Yeye na mumewe, Abdoul-Karim, wakamwita Dalila. Mama mkwe akamwita Mafuriko, na mtaa mzima ukamfuata. Mwavita aligombana na majirani mpaka akachoka. Mtoto alipokaribia miaka minne, alikuwa akiitika Mafuriko tu.

Siku moja, akichambua ndagala, dagaa wa ziwani, uani pamoja na mama mkwe, Mwavita aliuliza waziwazi.

“Mama, juu ya nini weye unakatala jina ya mutoto?”

“Sumaili wangu, maji ilimubeba,” alisema mama mkwe. Sumaili alikuwa kitinda mimba wake. “Hana hata kaburi. Batu bakisikia Mafuriko, banauliza, na minye naelezea. Mukimuita Dalila, nani ataniuliza tena?”

Mwavita aliona haya. Miaka yote hiyo alidhani ni ukaidi wa uzee.

Redio ya mtaani ina kipindi kinachotaja kila asubuhi mambo yaliyoupata mji tarehe kama hiyo miaka ya nyuma. Tarehe kumi na saba Aprili ilipokaribia, Mwavita alipanda pikipiki hadi kwa mtangazaji, Octave, akaomba shemeji yake atajwe.

“Mama, nikitaja bote, émission haitaisha.”

“Basi isiishe.”

Asubuhi ya siku yenyewe familia nzima ilikuwa ikinywa chai, redio imewashwa. Octave alieleza mto ulivyofurika, kisha akasema: “Kati ya waliobebwa na maji alikuwa Sumaili wa Rugenge, fundi baiskeli. Siku hiyohiyo, katika familia yao alizaliwa mtoto, Dalila.”

Mama mkwe aliweka kikombe chini, akalia mbele ya wote bila kujificha uso.

“Mumesikia?” alisema. “Bamemutaja.”

Alijifuta machozi kwa kitenge, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa akicheza mlangoni.

“Dalila! Kuya ukunywe chai.”

Mtoto hakugeuka, hakujua kwamba anaitwa yeye. Bibi akaita tena.