Mirunda Minane Iliyotolewa Sebuleni kwa Amparo

Jua halijavuka bado mlima wa mashariki ya Medellín, na Fabiola Úsuga anatambaa kwa magoti sebuleni kwa watu, chaki sikioni. Anagusa mrunda wa mwanzi unaoegemeza dari, anautia alama, anahamia wa pili. Anafika ukutani. Anarudi mlangoni, anaanza upya.

"Ishirini na nne," anasema. Hakuna anayemsikia.

Kichochoroni majirani wamejaa na ndoo zao. Leo ni siku ya kumwaga zege, na katika vitongoji hivi vya mlimani siku hiyo mtu hangoji mwaliko. Anakuja, anabeba, mchana anakula sankocho. Sufuria liko motoni, lina kuku, mihogo na ndizi mbichi. Fundi Arnobio amekwisha kukoroga rundo la kwanza.

Nyumba ya chini ni ya Amparo Graciano. Hewa ya juu ya paa lake alimuuzia mpwa wake, Yurleidi, naye amepandisha kuta humo, kama wanavyojenga wote huku: mmoja juu ya kichwa cha mwenzake. Leo Yurleidi anaezeka kwa zege. Uzito wake utashuka kwa mirunda ya chumba chake mpaka kwenye dari la Amparo, ambalo ni jembamba na la zamani. Ndiyo maana Fabiola, ambaye kazi yake ni kuwapigia watu hesabu za uzito wa nyumba, aliagiza dari hilo nalo liegemezwe, mirunda thelathini na miwili.

Jana ilikuwepo yote. Aliihesabu mwenyewe.

"Amparo! Minane iko wapi?"

"Minane ipi tena, Bi Mizani?" Amparo anafuta sahani. "Aa, ile ya katikati? Niliwaambia waitoe. Meza zingekaa wapi? Wakwe wa Yurleidi wanakuja. Wale njiani kama kuku?"

"Wale njiani wakiwa wazima."

Kosa lenyewe ndilo hili, na halina ubaya wowote ndani yake. Ni ukarimu tu. Mtu anataka wageni wakae vizuri, anaondoa kinachomzibia sebule, halafu anawaketisha chini ya tani tisa.

Tani tisa si maneno ya kutisha watu. Zimo kwenye daftari la Fabiola. Chumba ni mita sita kwa tano, zege unene wa sentimita kumi: kilo elfu saba na mia mbili. Watu ishirini na watano watasimama juu, kila mmoja na ndoo yake, kilo tisini: elfu mbili mia mbili na hamsini. Mrunda mmoja wa mwanzi yeye huupa kilo mia tatu, haongezi hata kwa mtu anayempenda. Ishirini na minne itabeba elfu saba na mia mbili tu.

"Uzito haupotei," anasema. "Ukimwondolea huyu, unamwendea yule."

Hayo hakuyasoma chuoni. Aliacha shule darasa la tano, miaka kadhaa baadaye akaingia kiwanda cha vigae. Humo vigae vilipangwa kwenye vitoroli vya kuingia tanuruni, na vya chini vilipasuka, kumi na viwili katika kila mia. Wakubwa wakalaumu udongo. Yeye akapima kigae kimoja, akazidisha kwa safu zilizokuwa juu yake, akawaambia wapunguze safu mbili. Vikawa vinapasuka vitatu. Mhandisi mmoja alipoona hivyo akamfundisha yaliyobaki, wakati wa chakula, nyuma ya karatasi za mkate.

Lakini kabla ya kiwanda kulikuwa na Nevardo, kaka yake. Siku ya zege la nyumba yao Fabiola alikuwa na miaka kumi na minne. Aliona mirunda ni michache, akaihesabu, akanyamaza, kwa sababu msichana hamsahihishi fundi. Nevardo alikuwa chini ya dari, anakaza kabari, lilipoanguka.

"Nilikuwa na namba mdomoni," anasema. "Nikaimeza."

Leo hamezi. Anatoka nje, anasimama mbele ya ngazi, mikono kiunoni.

"Hapandi mtu."

"Mama, zege halisubiri!" Arnobio anafoka. "Mimi namwaga zege tangu wewe unanyonya. Daftari lako limewahi kubeba ndoo?"

"Halijawahi. Wala halijawahi kuzikwa na zege. Hilo ulilokoroga zibia ngazi za kichochoro, zimebomoka tangu mvua za Aprili. Na minane yangu irudi."

Mpishi anakohoa. Minne imeegemea choo. Minne mingine inawaka chini ya sankocho.

Wengine wanacheka. Fabiola hacheki. Yurleidi ndiye anayetupa ndoo yake, anapanda mlima mbio, anarudi na mirunda minne ya kuazima mabegani, goti linavuja damu.

Meza zinahamia njiani. Zege linapanda saa sita mchana. Fabiola amefunga uzi chini ya dari la Amparo, ukuta hadi ukuta, na rula haimtoki mkononi. Dari linashuka milimita moja. Mbili. Tatu. Ndoo ya mwisho inamwagwa. Bado tatu. Anapelekewa sahani, inapoa. Kila baada ya dakika chache anarudi kupima.

Kwa kazi ya namna hii hulipwa peso elfu hamsini, wiki za mvua halipwi kitu. Anachokitaka ni kingine: kila nyumba ya kitongoji iandikwe mlangoni, kwa rangi, kilo inazoweza kuongezewa juu. Nyumba kumi na moja zimekubali. Anataka zifike hamsini kabla ya Desemba. Nyingi zinakataa, kwa kuwa namba ndogo inashusha bei ya hewa.

Yurleidi naye ana mtu aliyekwisha kuulizia hewa ya juu yake.

"Mimi utaniandikia ngapi, Bi Mizani?"

"Sifuri."

Yurleidi anatazama mirunda sebuleni kwa shangazi yake, wakwe wanaokula njiani, goti lake lililofungwa kitambaa.

"Haya, andika," anasema. "Ila andika ndogo."

Fabiola amekwisha kuchovya brashi. Anaanzia juu kabisa ya mlango.

"Ndogo haisomwi na mwenye haraka, mwanangu."