Rweya Niliyopewa kwa Dharau

Majina siyataji, wenyewe watajijua. Shemeji zangu wa Muleba walinitoa kwenye kibanja, shamba la nyumbani la marehemu mume wangu, kabla matanga hayajaanuliwa. Nikaja mjini, nikapanga chumba Bilele, na tetemeko likanikuta humo. Ukuta uliniangukia mguuni. Tetemeko silishitaki kwa mtu. Kaka yangu wa tumbo moja ndiye ninayemshitaki.

Nilimwendea kwenye kibanja alichorithi kwa baba yetu, upande wa Kashozi, nikichechemea, nikaomba kipande cha kibanja chenye migomba na kahawa. Akacheka. Mbele ya wazee wa ukoo akanyoosha mkono kule mlimani kwenye majani matupu, tunakoita rweya.

"Mwanamke na kibanja wapi na wapi? Chukua hiyo rweya ulime njugu mawe. Siyo ya ukoo ile, haina mwenyewe."

Nikaichukua. Kwetu rweya ni ya kukata nyasi za kutandaza migombani. Walisema anayejenga kule ni mtu asiye na kwao. Basi nikajenga mimi.

Halafu mji ukatufuata. Walimu, manesi, wastaafu, wote wanataka viwanja, na kibanja hakiuzwi ovyo, kina makaburi ya wazee. Rweya haina kaburi. Misingi ikachimbwa kila upande, nami nikawapikia mafundi ndizi na maharage. Nyuma ya mafundi akaja muuza bati, kinyozi, mashine ya kusaga. Vijana waliokuwa wakikimbilia kisiwani Goziba kuvua wakawa wanafyatua tofali hapahapa. Sahani ya kwanza iliyopakuliwa kwenye mlima ule ni yangu, asibishe mtu.

Hapo ndipo kaka alipokumbuka kwamba ana dada. Akaja na mwenyekiti wa mtaa, ambaye alikwishamtafutia mnunuzi wa kiwanja changu.

"Dada, nilikuazima tu. Ile ni mali ya ukoo."

"Tuwaite wazee, waitu, ndugu yangu," nikamwambia.

Wazee wakakaa. Mkubwa wao akamuuliza kaka.

"Ukoo upi? Si ulituambia hapahapa kwamba siyo ya ukoo?"

"Niliropoka tu, mzee."

"Umeropoka kiwanja kizima!"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akaweka simu sikioni, na wala haikuwa imeita. Kwetu ukikana ardhi mbele ya wazee, huirudii.

Mpima ardhi alipokuja alimgeukia kaka kwanza, kama wanavyofanya wote.

"Mwenye kiwanja?"

"Ni mimi," nikasema.

Nikaandika jina langu kwenye fomu yake polepole, kwa herufi kubwa. Darasa la nne langu lilitosha kabisa. Kaka alikuwepo kama jirani wa mpaka, maana kibanja chake kinaishia hapo. Akapewa ncha ya tepu, akaishika pale nilipomwonyesha.